Namna ya Kuisoma The Lord of the Rings kwa Mara ya Kwanza bila Kupotea Njia

Msomaji wa Kiswahili anayeifungua The Lord of the Rings kwa mara ya kwanza hukumbana na mambo matatu kabla hadithi haijakolea: utangulizi mrefu unaosimulia mila za watu asiowajua, ramani iliyosheheni majina, na Kiingereza ambacho mahali pengine ni cha kale. Wengi huishia hapo, wakajihesabu kuwa si wasomaji wa riwaya za namna hiyo. Mimi naamini wamekatishwa tamaa bure, kwa sababu waliingia na dhana kwamba ni lazima waujue ulimwengu huo kwanza ndipo waielewe hadithi, ilhali mwandishi aliijenga riwaya yake kinyume cha hivyo. Aliwatanguliza mahobiti, watu wafupi wa mashambani, wapenda kula na kulima, ambao hawajui lolote la maana juu ya nchi zilizo nje ya mipaka yao. Msafara unapoanza, wao ndio macho yetu na masikio yetu. Jambo ambalo Frodo, hobiti aliye mhusika mkuu, hajalijua katika ukurasa unaousoma, wewe nawe hudaiwi kulijua. Ukiishika kanuni hiyo moja, sehemu kubwa ya ugumu itaondoka, na yote ninayoyaeleza hapa chini ni kuifafanua tu.

Umbo la kitabu

J.R.R. Tolkien (1892–1973) alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchunguza na kufundisha Kiingereza cha kale na fasihi yake. Riwaya yake ilichapishwa nchini Uingereza katika juzuu tatu, mbili mwaka 1954 na ya tatu mwaka 1955, lakini haikuandikwa kama riwaya tatu. Ni riwaya moja yenye vitabu sita na sura 62, na ilikatwa vipande vitatu kwa sababu ya gharama za uchapishaji katika miaka ile ya baada ya vita. Mgawanyo huo una athari kwa msomaji. Mwisho wa juzuu ya kwanza si mwisho wa kitu chochote, na mwisho wa juzuu ya pili ndio mbaya zaidi, maana hukuacha pale ambapo hakuna mtu angependa kuachwa. Basi hakikisha unayo juzuu inayofuata kabla hujaimaliza uliyo nayo, na usipumzike mwezi mzima katikati, kwani ukirudi utakuwa umesahau nani yuko wapi.

Sura moja kwa siku ni mwendo unaofaa. Kwa mwendo huo utamaliza katika miezi miwili hivi, na utapata nafasi ya kulala na kila sura kichwani. Sura za Tolkien zimekamilika kila moja kwa namna yake. Nyingi huanza mahali fulani barabarani na kuishia pale wasafiri wanapolala, wanapofikia mto au wanapopotezana. Kukatisha katikati ya sura ndiko kunakomfanya mtu aone kitabu hakiendi.

Swali huulizwa kama ni lazima kuanza na The Hobbit, riwaya fupi ya mwaka 1937 inayosimulia jinsi hobiti Bilbo, jamaa yake Frodo, alivyoipata pete ambayo kisa chote cha The Lord of the Rings kinaizunguka. Si lazima, lakini naishauri, hasa kwa kijana wa sekondari au kwa mtu ambaye Kiingereza bado kinamsumbua, kwa sababu lugha yake ni nyepesi na ramani yake ni ndogo. Asiyetaka kuanza huko afungue utangulizi wa juzuu ya kwanza, apite sehemu za mwanzo zinazoeleza asili ya mahobiti, tumbaku yao na utawala wao, kisha asome ile sehemu moja inayohusu kupatikana kwa pete. Ni kurasa chache tu. Sehemu zile nyingine zitamvutia baadaye, akishawapenda watu wenyewe. Kabla ya hapo ni kama kusomewa nasaba ya ukoo wa mtu usiyemjua.

Sura mbili za kwanza

Sura ya kwanza ni ya sherehe. Bilbo anatimiza miaka 111, Frodo anatimiza 33, kuna fataki, kuna majirani wanaosengenya na jamaa wanaogombania zawadi. Isome kwa kasi na kwa furaha, wala usijilaumu usipowakumbuka wageni wote. Kisha inapita miaka 17 ndani ya kurasa chache, na ndipo inapokuja sura ya pili, ambayo naomba uisome polepole, katika kikao kimoja, simu ikiwa mbali.

Katika sura hiyo mchawi mzee Gandalf ameketi na Frodo karibu na dirisha lililo wazi, asubuhi ya majira ya kuchipua. Nje Sam, mtunza bustani wa Frodo, anakata majani, na mkasi wake unasikika. Gandalf anaipokea pete kutoka kwa Frodo na ghafla anaitupa motoni. Frodo anapiga ukelele na kukimbilia koleo, lakini Gandalf anamzuia. Kisha anafunga madirisha na kuvuta mapazia, chumba kikawa giza na kimya, ila mkasi wa Sam bado unasikika kwa mbali. Pete inatolewa motoni ikiwa baridi, na Frodo anapoishika anaona mistari myembamba ya moto ikizunguka ndani na nje yake, maandishi ambayo hawezi kuyasoma. Angalia jinsi mambo mawili yanavyokwenda pamoja hapo: habari ya maelfu ya miaka inaingia katika chumba cha kawaida, na sauti ya mkasi inatukumbusha kwamba tungali nyumbani. Angalia pia kwamba sauti hiyo haikuwekwa bure, maana kabla ya sura kwisha utajua ilikuwa na kazi gani. Hivyo ndivyo Tolkien anavyofanya kitabu kizima. Hasemi kwamba jambo fulani ni muhimu. Huliweka pembeni, mahali pa kawaida, akaliacha.

Ukimaliza sura hiyo, chukua kalamu ya risasi uandike mstari wa tarehe kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo. Tarehe kamili zimo katika nyongeza za juzuu ya tatu, nami nazitaja hapa ili usilazimike kuzifungua mapema. Pete ilifuliwa yapata mwaka 1600 wa Zama za Pili. Ikanyang'anywa kwa Sauron, adui aliyeifua, mwaka 3441, mwaka uliozifunga zama hizo. Ikapotea mtoni mwaka wa 2 wa Zama za Tatu, ikaokotwa yapata mwaka 2463, ikamfikia Bilbo mwaka 2941. Sherehe ni ya mwaka 3001, na Frodo anaondoka nyumbani mwezi Septemba mwaka 3018. Mstari huo mmoja watosha. Kila mtu akianza kusimulia habari za kale katika sura zijazo, utatazama tu mstari wako na kujua anazungumzia kipande gani.

Majina

Malalamiko makubwa ya wasomaji ni majina, na ni malalamiko ya haki. Mtu mmoja anaweza kuwa na majina manne au matano. Gandalf ndiye Mithrandir kwa Waelvu, jamii ya kale ya watu wasiozeeka, na kwa watu wa ufalme wa Gondor. Yule mzururaji anayeitwa Strider katika nyumba ya wageni ya Bree ndiye Aragorn, na huko mbele ataitwa Elessar na majina mengine zaidi. Kuna Sauron, ambaye ni adui mkuu aliyeko Mordor, na kuna Saruman, mkuu wa kundi la Gandalf, anayekaa Isengard. Wawili hao wachanganye mara moja tu na sura nzima itapinduka. Ukifika Rohan, nchi ya wapanda farasi, utayakuta majina ya Éomer, Éowyn, Théoden na Théodred yote kwa pamoja.

Njia ninayoipendekeza ni daftari dogo lenye mstari mmoja kwa kila mtu: jina, jamii yake, mahali alipoonekana mara ya kwanza, na majina yake mengine yanapojitokeza. Usiandike zaidi ya hapo, kwani ukianza kuandika muhtasari wa matukio utageuka mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani na raha itakutoka. Majina yanayotajwa ndani ya simulizi za kale tu, ya wafalme waliokufa na miji iliyozama, usiyaandike kabisa. Yakihitajika yatarudi.

Jambo la pili ni kuyasikiliza majina. Kwa kuwa Tolkien alikuwa mtu wa lugha, hakuokota majina ovyo. Alitunga lugha za Waelvu, Kiquenya na Kisindarin, zenye sarufi na msamiati wake, na majina mengi ya mahali yametoka humo. Ya Rohan aliyachota katika Kiingereza cha kale. Ndiyo maana watu wa Rohan wanafanana majina: sauti peke yake inakwambia huyu ni wa kabila gani. Sisi tuliozoea kutambua maana kwa kutazama viambishi tuna faida kubwa hapa. Mor- ni weusi au giza, kama katika Mordor, Moria na Minas Morgul. Minas ni ngome au mnara. Amon ni kilima. -dor ni nchi, kama katika Gondor na Mordor. Ukizijua hizo nne tu, mahali papya pakitajwa hutakuwa mgeni kabisa.

Matamshi nayo ni mepesi kwetu kuliko kwa Mwingereza. Irabu za lugha hizo hutamkwa karibu sawa na zetu. Th ni ile ya thamani, na dh, ambayo wasomaji wengi wa Kiingereza huikosea, ni ile ya dhahabu, hivyo mlima Caradhras hautusumbui. Herufi c daima ni k: sema Keleborn na Kirith. Tofauti iko kwenye mkazo, ambao haukai daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama katika Kiswahili. Legolas na Aragorn hukazwa mwanzoni. Yatamke majina kwa sauti mara ya kwanza unapokutana nayo. Jina lililotamkwa hukaa kichwani, na lililorukwa kwa macho hupotea.

Ramani

Zipo ramani zaidi ya moja. Ile ndogo ya Shire, nchi ya mahobiti, ni ya sura za mwanzo, na ile kubwa, iliyochorwa na Christopher, mwana wa mwandishi, inaonyesha nchi zote za safari. Juzuu ya tatu ina ramani nyingine iliyokuza sehemu za Rohan, Gondor na Mordor, na ndiyo itakayokufaa vita vinapoanza. Anayesoma kwenye simu au kishikwambi ahakikishe amepata ramani kubwa kwenye karatasi, hata kama ni nakala iliyochapwa, kwa sababu kwenye kioo majina hayasomeki na kuifungua kila mara humkatisha mtu hadithi.

Chora njia ya wasafiri kwa kalamu ya risasi, kidogo kidogo, kila sura. Usiishie kwenye mstari. Andika na tarehe pale zinapotajwa. Frodo anaondoka nyumbani tarehe 23 Septemba na kufika kwenye kivuko cha mto ulio karibu na Rivendell, makao ya Waelvu, tarehe 20 Oktoba, na umbali huo kwenye ramani kubwa ni wa vidole vichache. Ukiutazama hivyo, ukalinganisha na umbali uliobaki hadi Mordor, utakuwa umeyaelewa yanayowangoja kuliko hotuba yoyote inavyoweza kueleza. Tolkien aliyatunza mambo hayo kwa uangalifu mkubwa, mwendo wa siku na hata umbo la mwezi angani, kiasi kwamba ukiona mwezi mwandamo katika sura moja unaweza kuutegemea kukua katika sura inayofuata.

Msitu na vilima vya makaburi

Waliotazama filamu za Peter Jackson, zilizotoka kati ya mwaka 2001 na 2003, hushangaa wanapokutana na sura ya sita, ya saba na ya nane za kitabu cha kwanza, ambazo hazimo katika filamu. Humo mahobiti wanapotea msituni, wanapokewa na mtu wa ajabu anayeitwa Tom Bombadil, kisha wananaswa na ukungu kwenye vilima vya makaburi. Wapo wanaoshauri kuziruka. Mimi sikubaliani nao. Tom Bombadil hafafanuliwi popote kitabuni, wala si kosa lako usipomwelewa. Mwandishi alitaka pawepo jambo lisilo na maelezo. Na kutoka makaburini mahobiti wanaondoka na silaha za kale ambazo historia yake inatajwa kwa sentensi chache tu. Zikumbuke sentensi hizo. Mojawapo ya silaha hizo ina kazi katika kitabu cha tano, na asiyejua ilitengenezwa na nani, dhidi ya nani, ataliona tukio lile kuwa bahati tu.

Baraza la Elrond

Sura ya pili ya kitabu cha pili ndiyo inayowashinda wengi. Ni ndefu mno, watu wamekaa wakizungumza, na nusu ya mazungumzo ni historia. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu aliyeivuka sura hii kwa kuielewa amekishika kitabu chote.

Kwanza, usiisome usiku umechoka. Itengee kikao chake. Pili, chukua daftari uandike wazungumzaji kwa mpangilio wanavyopokezana, na mbele ya kila mmoja andika jambo moja tu: analeta habari gani? Glóin, mbilikimo kutoka mlima wa mbali, anaeleza jinsi Balin na wenzake walivyokwenda Moria, makao ya kale ya mbilikimo chini ya milima, miaka karibu 30 iliyopita na habari zao zikakatika, na jinsi mjumbe kutoka Mordor alivyofika mlangoni kwao usiku akiuliza habari za hobiti. Elrond, bwana wa Rivendell, anasimulia habari za pete tangu kufuliwa kwake, na anasimulia kama shahidi, kwa kuwa alikuwapo vitani Sauron alipoangushwa; hapo utamwona Frodo akishtuka kwamba mtu aliye mbele yake ana umri huo. Boromir wa Gondor anaeleza ndoto. Aragorn anauweka mezani upanga uliovunjika. Bilbo na Frodo wanasimulia yao, Legolas, Mwelvu, analeta habari mbaya kuhusu mfungwa, na Gandalf anazungumza kirefu kuliko wote, akieleza alikokuwa wakati Frodo alipomngoja bila kumwona.

Ukiwa na orodha hiyo utaona kitu ambacho msomaji wa haraka hukikosa: hakuna hata mmoja aliyekuja barazani akijua kisa chote. Kila mmoja alikuja na shida ya kwao, akidhani ni ya kwao tu, na kipande kimoja baada ya kingine vikaungana mbele ya macho yetu hadi ikaonekana ni shida moja. Baraza hilo ni la kweli, watu wanasikilizana, wanakatizana, wanatiliana shaka, na uamuzi unatoka mwishoni kwa mtu ambaye hakuna aliyemtazamia. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye kikao cha wazee wa ukoo kuhusu shamba au mirathi anaujua mwendo huo, na anajua kwamba anayefika mwishoni kusikia hukumu bila kuzisikia hoja hawezi kuielewa hukumu yenyewe.

Mwisho wa sura pigia mstari lile swali la Glóin kuhusu Balin. Litajibiwa sura chache mbele, katika giza la Moria, na mwanawe Glóin, Gimli, atakuwapo.

Mashairi

Kitabu kina mashairi mengi, na kuna watu wanaoyaruka yote kana kwamba ni mapambo. Kuyaruka ni hasara, lakini si lazima kuyapa yote uzito sawa. Nyimbo za mahobiti za kuoga, za kutembea na za kunywea ni za kufurahisha, zisome na uendelee. Yale yanayoimbwa na Waelvu au yanayosimulia habari za kale yasome kwa sauti, hata kama maana haijakujia yote.

Chukua mfano wa sura ya kumi na moja ya kitabu cha kwanza. Wasafiri wamejificha bondeni chini ya kilima cha Amon Sûl usiku, adui yuko karibu, na Aragorn anaombwa hadithi. Anaimba wimbo wa Beren, mwanadamu, aliyempenda Lúthien, binti wa Waelvu, kisha anaufafanua kwa nathari. Kwa kusoma mara ya kwanza ni wimbo mzuri tu wa kupitisha usiku. Lakini mtazame mwimbaji; mwandishi anasema jinsi uso wake ulivyokuwa na sauti yake ilivyokolea. Kwa nini yeye, na kwa nini wimbo huo? Jibu halitolewi hapo. Linadokezwa Rivendell, na linasimuliwa kwa ukamilifu katika nyongeza ya kwanza tu, mwishoni kabisa mwa juzuu ya tatu. Kisa hicho kilikuwa moyoni mwa Tolkien mwenyewe kiasi kwamba kaburi lake na la mkewe Edith, katika makaburi ya Wolvercote huko Oxford, limeandikwa majina Beren na Lúthien.

Msomaji aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili, mwenye sikio la vina na mizani, atapata jambo jingine la kumfurahisha. Mashairi mengi ya watu wa Rohan hayana vina vya mwisho kama vyetu. Yanafuata kanuni ya Kiingereza cha kale, ambapo sauti za mwanzo za maneno yenye mkazo ndizo zinazofanana ndani ya mshororo mmoja. Ukiyasoma ukisubiri kina cha mwisho utayaona yamevunjika. Ukiyasikiliza mwanzoni mwa maneno utasikia kwato za farasi. Na mtu aliyezoea tenzi kama Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, uliosimulia vita vya mbali kwa lugha ya kale ya Kaskazini, hatashangaa kwamba shairi la vita huchukua muda wake.

Njia zinapogawanyika

Kuanzia juzuu ya pili msafara hauko pamoja tena. Kitabu cha tatu kinawafuata baadhi yao huko Rohan, na kitabu cha nne kinarudi nyuma kuwafuata Frodo na Sam peke yao, bila kuchanganya hata sura moja. Wasomaji wengi hapa hupata uchungu: wameachwa kwenye kilele cha vita, kisha sura kumi nzima za kutembea kwenye mawe na vinamasi. Wapo wanaoamua kusoma sura kwa kupokezana, moja ya huku na moja ya kule, wakifuata tarehe. Usifanye hivyo mara ya kwanza. Walioko Rohan hawajui kama Frodo yu hai, na Frodo hajui kama kuna mtu yeyote aliyebaki nyuma yake. Kutojua huko ndiko kunakowapa uzito maamuzi yao, na ukipokezanisha sura utakuwa umekiondoa kitu ambacho mwandishi alikitegemea. Weka tu tarehe kwenye ukingo wa ukurasa kila inapowezekana. Mara ya pili ndipo utumie hesabu ya siku iliyomo katika nyongeza ya pili, na utastaajabu kuona tukio la upande mmoja lilivyousukuma upande wa pili.

Kiingereza chake

Msamiati mgumu kuliko wote katika riwaya hii ni wa ardhi. Tolkien anatembea kwa miguu, na kila bonde lina jina la aina yake. Fen ni kinamasi, ford ni mahali pa kuvuka mto kwa miguu, dale ni bonde, downs ni vilima vya majani visivyo na miti, tarn ni ziwa dogo la milimani. Tafuta hayo katika kamusi mapema, kwa sababu yatarudi mara kwa mara. Maneno mengine ya kale yaache yaeleweke kwa muktadha. Utaona pia kwamba lugha inabadilika kulingana na msemaji. Mahobiti huzungumza kama majirani, watu wa Gondor na Rohan huzungumza kwa heshima na kwa mpangilio wa maneno uliogeuzwa. Sentensi ikikushinda, isome kwa sauti taratibu. Nyingi za hizo zilitungwa zisikike.

Kuhusu kutafuta maana

Wengi wetu tulifundishwa uhakiki shuleni kwa kuuliza mhusika huyu anawakilisha nini, na nchi hii ni nchi gani kwa kweli. Swali hilo linafaa sana kwa Kusadikika ya Shaaban Robert ya mwaka 1951, nchi iliyo angani ambayo wasomaji wake waliitambua upesi. Kwa Tolkien litakupoteza. Katika dibaji ya toleo la pili alisema wazi kwamba hapendi istiara za namna hiyo na kwamba vita vyake si Vita vya Pili vya Dunia. Alitenganisha istiara anayoilazimisha mwandishi na uhuru wa msomaji kuihusisha hadithi na maisha yake. Yeye mwenyewe alipigana katika mapambano ya Somme mwaka 1916 na alipoteza rafiki zake wa karibu katika vita vile, na uzoefu huo huenda umo ndani ya vinamasi na ndani ya uchovu wa Frodo. Lakini kuwamo si kuwakilisha. Soma kwanza Gondor kama Gondor, yenye wafalme wake, makosa yake na uzee wake. Ukimaliza, jiulize inakugusa wapi.

Nyongeza na yanayofuata

Nyongeza sita za juzuu ya tatu usizifungue kabla ya sura ya mwisho, kwa kuwa zinataja hatima za watu waziwazi. Ukishamaliza, usizisome kwa mpangilio. Anza na kisa cha Aragorn na Arwen kilicho ndani ya nyongeza ya kwanza, halafu habari za Rohan, halafu hesabu ya miaka. Kalenda na maandishi ya Waelvu ni za mwenye hamu.

Anayetaka kuendelea ataelekea The Silmarillion, iliyotolewa mwaka 1977 baada ya mwandishi kufariki, ikiwa imehaririwa na Christopher. Hicho hakina hobiti wa kukushika mkono, na lugha yake ni ya kumbukumbu za kale zaidi kuliko ya riwaya. Usianze na ukurasa wa kwanza. Fungua sura ya 19 ya sehemu yake kubwa, ile ya Beren na Lúthien, ambayo inasimama peke yake. Ikikushika, rudi mwanzo na daftari lako jipya, maana majina ya humo ni mengi zaidi na lile la zamani halitatosha.